Kaya Moja, Rekodi Mbili
Tangu Septemba 2023, serikali ya Kenya ilipozindua ugawaji wa simu kwa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, daftari la kaya za wadi ya Burat, Isiolo, limehamia mfukoni. Simu hizo hurekodi taarifa hata pasipo mtandao, kisha huzituma ukipatikana. Nakala rudufu za taarifa hizo ziwepo, naam, na zijaribiwe kurejeshwa. Hilo kila fundi analijua. Kizungumkuti ni mfugaji: akihamisha mifugo kufuata malisho, huenda akasajiliwa upya aendako, kaya moja ikawa mbili. Msimamizi wa kanzidata aliyeko Nairobi ataona majina yanayofanana tu. Wahudumu wawili wa wadi jirani, wakikutanishwa, watamtambua mfugaji huyo mara moja. Ningelipia nauli zao kabla ya kununua seva nyingine.