Acheni kuicheka "Africa" ya Toto

Wasee, leo naongea kama mzee wa baa na sijali. Ngoma yangu ya wakati wote ni "Africa" ya Toto, ya 1982. Na msiniletee Queen. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar, sawa, nampenda pia, lakini leo si siku yake.

Najua mtasema nini. David Paich alipoiandika na mwenzake hakuwa amewahi kukanyaga Afrika, halafu wakaiweka Kilimanjaro Serengeti. Hapo walichoma, kweli. Huo mlima waulize watu wa Loitokitok, huku kwetu Kajiado, wanaamka nao kila asubuhi.

Lakini kiitikio ni cha mvua, na hapo ndipo mimi huishiwa na utani. 2022 ukame ulipomaliza ng'ombe Kajiado, hiyo ngoma iliingia kwa redio ya matatu tukitoka Kitengela. Mizoga ilikuwa kando ya barabara. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mwenye shuka nyekundu akaniuliza, "Kijana, hawa wazungu wanaimba nini?"

"Wanaimba mvua, mama."

"Basi mwambie dereva aongeze sauti."