TAHARIRI: Dawa ya mwanga si mzigo wa begi

Ipo dawa ya ngozi ambayo bila mwanga haifanyi kazi. Daktari huipaka juu ya doa, husubiri iingie kwenye seli, kisha humulika kwa taa maalumu. Mwanga huiamsha, nayo huua seli mbovu. Marekani iliidhinisha dawa ya aina hiyo mwaka 1999 kwa madoa yanayoweza kugeuka saratani. Kwenye fizi, madaktari wa meno hupaka rangi maalumu na kumulika mwanga mwekundu kuua bakteria, baada ya kusafisha meno, si badala yake.

Ukanda wetu unaihitaji. Ndugu zetu wenye ualbino hupata madoa hayo mapema kwa sababu ya jua. Lakini mwanga haupenyi mbali, hivyo uvimbe ulioingia ndani bado unahitaji tiba nyingine, ukiwamo upasuaji.

Kwa hiyo tunawaambia wafanyabiashara wa Namanga, Busia na Rusumo: msiivushe kama krimu ya urembo. Bila taa na daktari haitibu, na mgonjwa aliyepakwa akitoka juani anaweza kuungua.

Serikali nazo zina deni. Mwaka 2012 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizindua mjini Arusha mpango wa kuoanisha usajili wa dawa. Utumike hapa: dawa na taa vikaguliwe pamoja, mara moja, ili mgonjwa wa mpakani atibiwe kihalali upande wowote.