Leo barua, kesho tiketi

Dada zetu, sisi tulioolewa huku Same tukiwa na ndugu Mombasa tunaijua vizuri njia ya Himo, Holili mpaka Taveta. Mwaka jana tuliipita, wifi yangu na mimi, kwenda kumuuguza mama mdogo. Tulibeba tangawizi ya Mamba Miamba na nguo za wiki tatu. Mpakani tukagongewa mhuri wa mwezi mmoja, wala hatukuuliza kitu. Kosa letu la kwanza hilo.

Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, na kanuni zake zinampa raia wa nchi mwanachama anayetembelea nchi nyingine pasi ya hadi miezi sita, bila malipo. Sisi tuliyajua hayo mgonjwa alipozidiwa na mwezi ukawa unakatika.

Tukaenda ofisini kuongeza siku. Wa kwanza alitaka barua ya mwenyeji na kopi ya kitambulisho chake. Tukaleta. Kesho yake tukamkuta mwingine, barua hakuiangalia, akataka tiketi ya kurudi. Tiketi ya basi ya mwezi ujao unaikata wapi? Siku ya tatu tukaulizwa taarifa ya benki. Mafundi cherehani sisi, fedha zetu zimo kwenye simu na kwenye madeni ya sare za shule! Siku ya nne tukapewa miezi miwili, na ile taarifa ya benki hakuna aliyeikumbuka.

Tusijifanye wasafi na huku kwetu. Mteja wetu mmoja hupokea wageni wanaopanda Milima ya Pare, na anasema mgeni wake aliyetaka kuongeza siku alizungushwa vivyo hivyo.

Hatupingi kukaguliwa. Nchi ina haki ya kujua nani yumo ndani yake. Tunachopinga ni kila meza kuwa na futi yake ya kupimia. Mteja akija dukani kwetu akapimwa kiuno mara tatu, kila mara namba tofauti, atarudi kweli? Orodha moja, kwa Kiswahili, ibandikwe ukutani mpakani na ofisini, na anayeongeza sharti aandike jina lake chini.

Mama mdogo alipona, alhamdulillahi. Safari hii tunaomba miezi sita palepale mpakani, na barua ya mwenyeji imo mkobani, kopi tatu.