Waraka kwa Wasaidizi wa Kisheria wa Masasi na Newala

YAH: KUTEUA WAJUMBE WA MABARAZA YA ARDHI NA KUWAANDAA WENYE MASHAURI

Ndugu wanachama,



Wapo wenye mashauri ya mashamba wanaotuomba tuwasaidie kupenyeza watu wao katika Baraza la Ardhi la Kijiji. Nawasihi tukatae, na tuwaeleze kwa nini.

Marekani kazi ya kumsaidia mtu kupata waamuzi wanaomfaa ni taaluma. Mwaka 1972, mjini Harrisburg, wapinzani saba wa vita vya Vietnam, akiwamo padri Philip Berrigan, walishtakiwa mbele ya jopo la raia 12 wenye kuamua kesi. Mwanasosholojia Jay Schulman na wenzake waliwahoji wakazi wa eneo hilo ili mawakili wa utetezi wajue raia wa aina gani wangewasikiliza washtakiwa kwa haki. Jopo halikuafikiana kuhusu shtaka kuu: kumi walitaka kuwaachia, wawili walikataa. Tangu hapo ushauri wa namna hiyo umekuwa biashara kubwa.

Kwetu njia hiyo haimfikishi mtu popote. Baraza la kijiji linasuluhisha tu, na tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata nalo halitoi tena hukumu. Anayepaswa kushawishika ni jirani aliyeketi upande wa pili. Akiona wajumbe wamepangwa, atakataa suluhu, na shauri litapanda hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, pamoja na gharama zake zote.

Kwa hiyo nawaomba tufanye haya:

1. Tusimamie uteuzi halali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka wajumbe saba, wasiopungua watatu wawe wanawake, wapendekezwe na halmashauri ya kijiji na kuidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Inataka waadilifu wanaojua mila za ardhi. Tuwahimize wananchi wahudhurie mkutano huo na kuuliza maswali kabla ya kunyoosha mikono.

2. Undugu utajwe mapema. Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtu akifariki, wanawe hudai mikorosho aliyoipanda baba yao, na wapwa zake hudai kuwa ardhi ni ya ukoo. Katika shauri kama hilo, mjumbe ambaye ni mjomba wa upande mmoja aseme wazi kabla ya kikao kuanza, kisha apishe. Kijijini hatutapata mjumbe asiye na ndugu. Tunaweza kupata wale ambao pande zote mbili zimewakubali, zikijua undugu wao.

3. Wajumbe wanawake wasikilizwe. Wengi wao wanajua nani alipalilia shamba miaka yote na nani alionekana msimu wa kuokota tu. Tuombe waulize maswali, wasiitwe kukamilisha akidi tu.

4. Tumwandae mwenye shauri aseme ukweli kwa mpangilio: ardhi aliipataje na mwaka gani, mipaka ni ipi, nani alipanda mikorosho, nani alishuhudia. Kama Kiswahili kinampa shida, aombe kuzungumza Kimakonde, Kimakua au Kiyao na apatiwe mkalimani. Awaombe wajumbe waende shambani. Ni marufuku kumfundisha shahidi asichokiona.

5. Shauri likifika wilayani, tuwakumbushe wahusika kwamba mwenyekiti hukaa na washauri wasiopungua wawili, na kwamba maoni ya washauri hutolewa kwa maandishi na kusomwa mbele ya wadaawa kabla ya hukumu. Mahakama ya Rufani imelisisitiza hilo katika shauri la Tubone Mwambeta dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya. Yasiposomwa, mtu wetu aulize palepale.

Ndugu zangu, wanakijiji wanatuamini kwa sababu hatuna bei. Atakayepokea hata kilo moja ya korosho ili kumtafutia mtu mjumbe ametuvunjia heshima sote. Waraka huu usomwe katika kila kikao cha kata, na kila mwanachama aanze kuutekeleza katika shauri lililo mkononi mwake sasa.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti