Nani Mwenye Mji?

Kuna usemi mmoja ambao umekuwa ukiimbwa masikioni mwetu tangu zama za Mwingereza, na mpaka leo haujafa. Usemi wenyewe ni huu: "Vijana wamejazana mjini bure, warudi mashambani." Husemwa mikutanoni, husemwa redioni, na husemwa zaidi na watu ambao wenyewe wana nyumba mjini, wana gari mjini, na watoto wao wanasoma mjini. Hatujapata kumwona hata mmoja wao akifunga mizigo yake akatangulia kuonyesha njia.

Ndugu wananchi, leo twataka kuupima usemi huo. Wala hatutaupima kwa maneno ya wakubwa. Siri ya mtungi aijuaye kata. Tuwasikilize wakazi wa Dar es Salaam wenyewe, wanaoamka alfajiri na kulala usiku wa manane katika mji huo, watwambie wema wake na ubaya wake. Baada ya hapo ndipo tuulize: mji huu ni wa nani?

Tuanze na wema. Mkazi wa Tandale au Mbagala ukimwuliza kwa nini anaupenda mji, hatakutajia maghorofa wala taa za barabarani. Atakwambia, "Hapa shilingi yaonekana kila siku." Mkulima hungoja msimu, mvua ikikataa, mwaka mzima umekwenda. Lakini mjini mwanamke mwenye meko, kikaango na unga wa mchele akipika vitumbua alfajiri, saa nne ya asubuhi amekwisha pata pesa ya mboga na ya daftari la mtoto. Si tajiri, lakini hakulala na njaa.

Wa pili atakutajia matibabu. Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani aliyehitaji tiba ya mionzi hakuwa na pengine pa kwenda katika nchi nzima ila Ocean Road, Dar es Salaam. Je, mtu aliyemleta mama yake kutoka mkoani, akakaa miezi akimwuguza, akatafuta kibarua ili apate nauli ya hospitali, huyo naye ni mzururaji? Na tukumbuke kwamba hospitali hiyo Wajerumani waliijenga mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya Wazungu. Leo mlango wake uko wazi kwa kila raia. Hiyo ndiyo maana ya uhuru katika mji: kilichojengwa kwa ajili ya wachache kimekuwa cha wote.

Wa tatu ni mjane. Alipofiwa, ndugu wa mume waligawana shamba na mabati, naye akabaki na watoto. Mjini hakumkuta mjomba wala baba mkubwa wa kumpangia maisha. Alipata chumba kimoja, akapata kazi ya kufua nguo za watu, watoto wakasoma. Mwambie huyo arudi shamba. Shamba lipi?

Na wa nne, mzee wa Kariakoo, atakwambia kwamba mji ndio uliotufanya kuwa taifa. Katika nyumba moja ya vyumba sita utamkuta Mmakonde, Mhaya, Mzaramo na Mnyakyusa. Wanachota maji katika pipa moja, wanazikana, wanakopeshana chumvi, na lugha yao ni moja.

Huo ndio wema. Sasa tuje kwenye ubaya, maana hatupaki rangi nyumba iliyooza nguzo.

Ubaya wa kwanza ni nyumba. Kijana anapotafuta chumba hukutana kwanza na dalali, naye hudai kodi ya mwezi mmoja kuwa malipo yake. Halafu mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita, na wengine ya mwaka, yote mkononi kabla ya kugeuza ufunguo. Mtu anayelipwa kwa siku atapata wapi pesa za miezi sita? Atakopa, na mkopo utamfuata kama kivuli. Hapa tusiwaonee wenye nyumba wote. Wengi wa uswahilini ni wazee wanaolala chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki, wala hawana pato jingine. Walakini sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ambayo ndiyo iliyokuwa mwamuzi kati ya pande mbili, ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wameachwa wavutane kamba, na mwenye njaa ndiye anayeangushwa.

Ubaya wa pili ni maji. Maji ya Dar es Salaam hutoka kwa sehemu kubwa mto Ruvu, ambao chemchemi zake ziko milima ya Uluguru. Mto ukipungua, kama ulivyopungua mwishoni mwa mwaka 2021, mgawo huanza. Mwenye nyumba kubwa ana matangi juu na matangi chini. Mgawo kwake ni habari ya gazetini. Mpangaji wa Manzese hununua maji kwa dumu, naye kwa hesabu ya lita moja moja hulipa zaidi kuliko yule mwenye bomba uani. Maskini kumpita tajiri kwa bei ya maji, hiyo ni hesabu ya wapi?

Ubaya wa tatu ni mafuriko. Desemba 2011 mvua ilipiga Dar es Salaam, na watu wapatao 40 wakafa. Waliookoka mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, mbali na soko, mbali na kibarua, na wengine wakarudi kule kule walikotoka. Wakaitwa wakaidi. Basi na tuulize: karakana ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi Mei 2016, ilijengwa wapi? Ilijengwa Jangwani, katika bonde lile lile la Msimbazi, na mafuriko yakaingia humo zaidi ya mara moja. Wataalamu wenye ramani na vyeti walijenga bondeni, na hatukusikia wakiitwa wakaidi. Mwananchi asiye na ramani akijenga hapo kwa kukosa pengine, huyo huitwa mvunja sheria.

Ubaya wa nne ni kufukuzwa. Desemba 2018 wafanyabiashara wadogo walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, wakaambiwa kwamba sasa ni watu halali. Oktoba 2021 wakaamriwa kuondoka kando ya barabara, waende maeneo waliyopangiwa. Hatusemi kwamba njia ya waenda kwa miguu ifungwe na meza. La hasha! Mama mwenye mtoto mgongoni naye ana haki ya kupita. Lakini meza ya machinga yaweza kuondolewa kwa siku moja, na ghorofa bovu je? Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya mji liliporomoka likaua watu 36. Novemba 2024 jingine likaporomoka Kariakoo, likaua watu zaidi ya 25. Macho yanayoiona haraka meza ya nyanya, mbona huchelewa kuuona ukuta wenye ufa?

Ndugu wananchi, yatazameni mabaya hayo manne kwa makini. Hakuna hata moja lililoletwa na kijana aliyeshuka jana kwenye basi la mkoani. Kodi ya miezi sita hakuitunga yeye. Bomba lisilofika Manzese hakulikata yeye. Ramani hakuichora yeye. Wema wa mji hutengenezwa na mikono ya wote, na ubaya wake hutokana na maamuzi ya wachache. Kisha anayelaumiwa ni yule aliyeshika toroli!

Lawama hizo zina baba na mama. Mjerumani alianza kuugawa mji kwa kanuni za majenzi, na Mwingereza akaendeleza: uzunguni kuliko na upepo wa bahari na bustani, uhindini kwenye maduka, na uswahilini kwenye vibanda. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati ili watu wasikaribiane. Kariakoo yenyewe ina jina la wapagazi wa Kiafrika walioshikwa kubeba mizigo ya vita ya 1914 hadi 1918. Yaani tangu mwanzo Mwafrika alitakiwa mjini kwa mgongo wake. Kwa tumbo lake na watoto wake hakutakiwa. Mwaka 1944 ikatungwa sheria ya kuwaondoa mijini "watu wasiotakiwa". Asiye na kazi ya mwajiri aliitwa mhuni, akakamatwa, akarudishwa kwao.

Na hao "wahuni" walikuwa nani? Makuli wa bandari waligoma mwaka 1939, wakagoma 1943, wakagoma tena 1947 mpaka mgomo ukaifuata reli kwenda bara. Kina mama wa vikundi vya ngoma, ambao katika vitabu vya serikali hawakuwa na kazi yoyote, ndio walioitikia sauti ya Bibi Titi Mohamed mwaka 1955 na kuleta wanawake kwa maelfu. Mitaa ile ya vibanda ndiyo iliyozaa TANU tarehe 7 Julai 1954. Laiti sheria ya 1944 ingefaulu kuusafisha mji, nani angebaki kudai uhuru?

Tungedhani basi kwamba baada ya Desemba 1961 neno hilo lingezikwa. Halikuzikwa. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi. Watu walikamatwa njiani, wakapakiwa kwenye malori, wakapelekwa vijijini. Matokeo yake? Hesabu ya watu ya mwaka 1978 iliikuta Dar es Salaam na watu 840,000 na ushei. Ya mwaka 1988 ikawakuta zaidi ya 1,300,000. Na sensa ya 2022 imehesabu watu 5,383,728. Lori halijapata kulishinda tumbo.

Sasa wako wenzetu wa nia njema ambao watatupinga hivi: "Je, hamkumbuki Azimio la Arusha la mwaka 1967? Halikuonya kwamba mji waweza kumnyonya mkulima?" Twakumbuka sana, na onyo lile ni la kweli. Barabara ya lami, umeme na majengo ya mjini hulipwa kwa jasho la pamba, kahawa na korosho. Lakini tusimkosee mnyonyaji. Anayemnyonya mkulima si mpiga debe wa Buguruni wala mama ntilie. Hao ndio wanaoununua mchele wa Kilombero na viazi vya Njombe vikafika sahani ya mtu. Hao ndio ambao, tangu pesa zilipoanza kupita kwenye simu mwaka 2008, hutuma kijijini ada ya mdogo wao na dawa ya bibi yao kabla hawajanunua shati. Mnyonge wa mji na mnyonge wa shamba ni ndugu wa tumbo moja. Anayetaka kuwagombanisha ana lake jambo.

Basi twadai nini? Twadai mambo matano, wala si makubwa kwa nchi huru.

Kwanza, kodi ya nyumba ilipwe mwezi kwa mwezi, na pawe na sheria na baraza la kuamua, ambalo mwenye nyumba mnyonge na mpangaji mnyonge wote watalifikia bila wakili.

Pili, viwanja vipimwe kabla watu hawajajenga. Kumngoja mtu amalize nyumba ndipo umpelekee rangi nyekundu ya kubomolewa ni ukatili uliovaa koti la utaratibu.

Tatu, bomba la maji lianze kwa anayenunua dumu.

Nne, mfanyabiashara mdogo apangiwe mahali wanapopita wanunuzi, naye aitwe kikaoni kabla ya mahali hapo kuchaguliwa.

Tano, hospitali za rufaa, vyuo na viwanda vijengwe mikoani, ili anayekuja mjini aje kwa kupenda, asije kwa kusukumwa na ugonjwa au njaa. Hiyo ndiyo njia ya halali ya kupunguza msongamano. Lori la polisi si njia.

Nasi wakazi tuna deni letu. Mtaro unaojaa mbele ya mlango wako umejazwa na mfuko ulioutupa wewe. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, ukabaki nyumbani ukisema "hayo ni ya wanasiasa", usishangae kiwanja cha wazi cha watoto kikiota ukuta usiku mmoja. Mwenyekiti wa mtaa akikuuzia bonde, nawe ukanunua huku ukijua, mmeshiriki wizi wote wawili. Haki haidaiwi kwa mkono mmoja huku mwingine ukiharibu.

Nani mwenye mji? Mwenye mji ni anayeufagia, anayeulisha, anayeujenga na anayezika wafu wake humo. Hakuja kuomba hisani. Shime wananchi, mkutano ujao wa mtaa nendeni wote, mkaulize mambo haya matano moja baada ya jingine, na msiondoke mpaka mmejibiwa.