Kabla ya kumwambia mama arudi Masisi, jibuni maswali matatu



Kuna watu kule Marekani, katika jangwa la Utah, wanaopakia hema, maji na chakula ndani ya gari, wakaenda kulala siku kadhaa kati ya makorongo ya mawe mekundu. Hakuna aliyewafukuza. Ni mapumziko yao. Lakini hata hao, kabla ya kuwasha gari, wanajiuliza maswali matatu. Maji tutayapata wapi? Mahali tutakapolala ni salama, au mvua ikinyesha mlimani maji yatatukuta bondeni? Na nani anajua njia tunayopita, ili tukikawia atutafute?

Nilikumbuka maswali hayo siku nilipokuwa Sake, nikitazama akina mama wanaopanda kuelekea Masisi. Bashi imekunjwa kichwani, mtoto mgongoni, bidon mkononi, na mwenye bahati ameweka godoro juu ya chukudu. Hawa nao walikuwa wanasafiri na mahali pao pa kulala. Lakini hawakuchagua siku ya kuondoka.

Tusisahau. Februari 2025, baada ya vita kufika Goma, familia za kambi ya Bulengo ziliambiwa ziondoke kwa saa 72. Kwa siku chache tu makambi ya kandokando ya mji yalibaki matupu. Mwezi uliofuata vita vikafika Walikale-centre, na watu wa kule wakaingia porini.

Najua wako wanaosema: kambi si nyumba, shamba linaota majani, warudi walime. Ni kweli. Hakuna mzazi anayependa kulea mtoto chini ya bashi, na msimu wa kupanda wa Septemba haungoji mtu. Mimi sipingi kurudi. Ninapinga kumrudisha mtu bila kumjibu.

Swali la maji: chemchemi ya kijiji bado inatoka, au bomba limevunjika? Mama akifika na watoto wanne, atateka wapi jioni ileile?

Swali la mahali pa kulala: milima yetu ya Masisi haina jangwa, lakini udongo wake unateremka. Mwezi wa Aprili 2023, huko Bolowa, mlima uliporomoka juu ya akina mama na watoto waliokuwa wakifua mtoni. Anayekuta nyumba yake imechomwa atasimamisha bashi popote penye nafasi, hata chini ya mteremko. Na shambani kunaweza kuwa na mabomu ambayo hayajalipuka. Nani amepita kuangalia kabla mtoto hajapiga jembe?

Swali la njia: kutoka Sake kupita Masisi-centre, Nyabiondo na Kashebere mpaka Walikale, kuna matope yanayoshika malori siku nzima, na kuna watu wenye silaha. Familia ikiondoka leo, nani ameandika majina yao? Wasipofika, nani atajua?

Mtalii akikosa majibu haya, anaahirisha safari. Mkimbizi wa ndani anaambiwa tembea.

Mkataba wa Umoja wa Afrika uliotiwa sahihi Kampala mwaka 2009 unasema wazi kwamba aliyehama ana haki ya kuchagua, akijua hali ilivyo: kurudi, kubaki alipo, au kwenda kuishi pengine. Kuchagua bila habari si kuchagua.

Ombi langu ni dogo. Nyinyi wenye madaraka, popote mlipo, na nyinyi wa mashirika: kabla familia haijaondoka, ipewe habari za kijiji chake, za maji, njia na mashamba. Machefu wa vijiji waulizwe kwanza, na wazungumze bila woga. Majina yaandikwe wanakotoka na wanakofika. Sisi wa redio tutasoma habari hizo hewani kila jioni, bure.

Nawe mama uliye njiani, kabla ya kufunga mzigo, uliza. Kuuliza si uasi. Mwambie jirani unapita wapi, na ukifika, tafuta namna ya kutuma neno.

Hayo ni maoni yangu.