Mazungumzo na Wenye Nyumba: Watoto wa Nchi Mbili Waulizanapo Habari za Dini



Wazazi wa hapa Mhunze wametuuliza zaidi ya mara moja: je, mtoto aliyelelewa katika imani, akisoma pamoja na watoto wa nchi nyingine, au akienda kukaa kwao, hatarudi na moyo mwingine? Swali hili ni la haki, wala si jipya. Njia hii ilikanyagwa zamani, nasi twataka kwanza kuwakumbusha walioikanyaga.

Katika miaka ya 1880 misheni ya UMCA, iliyokuwa na shule yake Kiungani huko Unguja, iliwapeleka vijana wachache Uingereza wapate elimu. Mmoja alikuwa Mbondei, Hugh Peter Kayamba, ambaye alisoma katika shule ya Bloxham katikati ya watoto wa Kiingereza. Mwingine alikuwa Cecil Majaliwa, Myao kwa kuzaliwa, aliyechukuliwa utumwani angali mtoto, akafunguliwa, akasomeshwa Kiungani. Naye akapelekwa Canterbury, katika Chuo cha Mtakatifu Augustino. Wote wawili walirudi. Majaliwa akaenda kuhubiri kwa Wayao upande wa Masasi, na mwaka 1890 akapewa daraja ya upadre, naye ndiye Mwafrika wa kwanza kuipata katika misheni ile.

Hata mwaka 1931 mwana wa Kayamba, jina lake Martin, akafika London. Wenzake safarini walikuwa Francis Lwamgira wa Bukoba, na Mtemi Makwaia wa Usiha, huyu wa kwetu Shinyanga. Waliitwa kutoa maneno yao mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikifikiri habari ya kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Martin Kayamba akayaandika ya safari hiyo kwa Kiswahili, kikapigwa chapa mwaka 1932 kitabu kiitwacho Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Litazameni jina hilo: tulivyoona, na tulivyofanya. Mtu aliyefundishwa vema nyumbani hutazama, naye pia hutenda. (Mwalimu atakayekipata kitabu hiki asimwazime mtu asiyerudisha vitabu.)

Siku hizi watoto hawana haja ya kupanda meli ndipo wajuane. Shule moja ya upande wetu huandikiana na shule moja ya Uingereza, naye mwalimu wao akatuonyesha baadhi ya barua. Mtoto wa kule aliuliza, “Ninyi mna ngoma gani? Na babu zenu waliabudu nini?” Mtoto wetu akajibu, “Sisi hatuna ngoma, sisi ni Wakristo.” Neno hili lilitusikitisha, maana si kweli, na mtoto mwenyewe ajua kwamba si kweli. Wakati wa kulima huusikia wimbo wa bugobogobo kutoka shambani, na majembe yakiinuka pamoja kama mkono wa mtu mmoja. Ni nani aliyemfundisha kwamba kuwa Mkristo ni kuificha nyumba yake mbele ya mgeni?

Lakini barua ya pili kutoka kule ndiyo iliyoleta taabu. Yule mtoto wa Kiingereza aliandika pasipo haya yo yote: “Nyumbani kwetu hatusali. Bibi yangu huenda kanisani siku ya Noeli.” Mtoto wetu akaichukua barua hii mpaka nyumbani, akamwuliza baba yake, “Baba, ikiwa watu walioileta dini wameiacha, sisi twaishikia nini?” Baba akamwambia anyamaze, akafunge ndama. Twamhurumia baba huyu, maana hakutazamia kuulizwa hivyo jioni, mwenye jembe begani. Walakini mtoto aliyeambiwa anyamaze huendelea kuuliza moyoni mwake, na huko moyoni hakuna wa kumjibu.

Basi na tujibu. Yule mtoto wa kule hakusema uongo. Katika hesabu ya watu ya Uingereza na Wales ya mwaka 2021, kati ya kila watu 100, waliojiita Wakristo walikuwa 46, na waliosema hawana dini walikuwa 37. Mzazi asimfiche mwanawe habari hii, kwa sababu ataipata kwa mwingine, tena kwa mtu asiyempenda.

Bali mzazi amwonyeshe mtoto kwamba Injili haikuanzia kwa Waingereza. Canterbury, mahali aliposoma Majaliwa, ndipo alipofika Augustino mwaka 597, mgeni aliyetumwa kutoka Rumi na Papa Gregori kuwahubiri watu wa Kent na mfalme wao Ethelbert, waliokuwa wakiabudu miungu yao. Wakati huo mfalme Ezana wa Aksum, katika nchi ya Habeshi, alikuwa amekwisha kumwamini Kristo yapata miaka 250 kabla yao. Na yule mkuu wa Kushi aliyebatizwa njiani na Filipo ametangulia zaidi, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume. Kwa hiyo Waingereza nao walipokea kutoka kwa wengine, kama sisi tulivyopokea. Mpokeaji mmoja akiuacha mzigo wake njiani, mwenzake hana sababu ya kuutua wake.

Tena iko habari ya mwaka 601. Gregori alimpelekea Mellitus barua kwa ajili ya wale Waingereza wapya katika imani, akaagiza kwamba nyumba zao za ibada zisibomolewe. Sanamu zitolewe, nyumba zitakaswe. Karamu zao za kuchinja ng'ombe akaziruhusu, mradi wamchinjie ng'ombe kwa kumshukuru Mungu. Hata leo siku yao ya Jumatano ina jina la Woden, na Alhamisi jina la Thor, miungu ya babu zao, wala hakuna askofu wao apotezaye usingizi kwa ajili hiyo.

Kwetu nako wamekuwapo watu waliofikiri namna hii. Askofu Vincent Lucas wa Masasi, aliyekuwa askofu tangu 1926 hata 1944, aliifanya jando iwe ya Kikristo. Na ndugu zetu Wakatoliki wa Bujora, karibu na Mwanza, kwa kazi ya Padre David Clement, waliingiza ngoma na alama za kitemi katika kanisa lao. Na katika sikukuu yao ya Bulabo, Bagika na Bagalu huja kushindana.

Sisi hatusemi kwamba kila lililo la kale ni jema. Bugobogobo ni kazi na furaha, na mtoto auandikie ulimwengu wote habari zake. Vijana kulima pamoja chini ya nsumba ntale ni upendano ambao hata kanisa lingefaa kuuiga. Lakini ile dawa ambayo wachezaji hujipaka ili wavute watu kwao na kumwangusha mshindani, hiyo ni nyingine kabisa, na Mkristo aonaye ngoma na dawa kuwa kitu kimoja atakosa pande zote mbili: ama ataikataa ngoma, ama ataipokea dawa. Kadhalika kuwaheshimu masamva kwa kuyataja majina yao na kuwasimulia watoto matendo yao ni sawa; kuwaombea mvua kwao, hapana.

Basi mwalimu yule amrudishie mtoto karatasi, aandike tena, asifiche neno. Tena amwulize mwenzake wa Kiingereza kama ajua jina la Jumatano yao limetoka wapi.

Habari ya mahari ya ng'ombe, ambayo wengi mmetuandikia, tutainena mwezi ujao.